Gesi ya Tangi Jipya

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nikitoka chumba cha vipimo kwenda getini. Daftari hili lilikuwa la marehemu mume wangu. Aliandika ukurasa mmoja tu, vipimo vya mlango wa jikoni ambao hakuwahi kuutengeneza. Ukurasa huo sikuuchana. Naanzia wa pili.

Naandika kazi yangu kwanza, ili nikisoma baadaye nisijifanye sikuijua. Mimi ni mpimaji kwenye kituo cha kujaza mitungi ya gesi ya kupikia. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu ya kabichi bovu ambayo watu wanaijua tunaiweka sisi, tone kwa tone, kutoka kwenye pipa la dawa, ili mtungi ukivuja mtu ashtuke. Kila asubuhi nachukua gesi kidogo, naiingiza kwenye sanduku la plastiki lenye tundu, naichanganya na hewa mpaka mashine isome ishirini. Mashine ni ndogo, inatosha kiganjani, naivaa kifuani kutwa. Ishirini maana yake gesi imefika sehemu moja ya tano ya kiasi kinachoweza kushika moto. Hapo naweka pua tunduni. Fomu ina visanduku viwili. Kimoja kimeandikwa MASHINE. Cha pili kimeandikwa PUA, na namba zake zinaanzia sifuri, yaani hakuna harufu, mpaka tatu, yaani harufu kali.

Leo: mashine 20, pua 3.

Pua yangu haifanyi kazi tangu Novemba. Niliugua mafua makali wiki ile ile tuliyomzika mume wangu, na yalipoondoka yakaondoka na harufu zote. Daktari alisema zitarudi zenyewe, nisiwe na haraka. Kazini sijamwambia mtu. Kwa miaka tisa niliyofanya kazi hii pua haijawahi kushuka chini ya tatu hata siku moja. Kwa hiyo naandika tatu.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. 20, 3.

Ijumaa, 6 Machi

Tangi jipya limejazwa. Ni jeupe, refu kuliko la zamani, linang'aa hata kwenye mvua. Mkuu wa kituo alitukusanya, akasema la zamani litapumzishwa Jumatatu. Ni mtu mwema. Siku ya msiba alituma lori la kituo kubeba viti, na yeye mwenyewe akapanda juu kuvishusha.

Dereva wa lori tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Alilizunguka tangi mara mbili, akasema, "Mkuu, zuri hivi, tulitafutie mchumba."

"Anza na wewe," Mkuu akamjibu. "Miaka arobaini na bado unafuliwa na mama yako."

Tulicheka wote, mimi pia.

Jumatatu, 9 Machi

Gesi ya tangi jipya imeanza kutoka. Mashine 20, pua 3. Redio amepakia mitungi arobaini safari ya kwanza.

Jumatano, 11 Machi

Mvua kutwa. Marehemu alikuwa akikata mche wa sabuni kwa uzi, vipande vikatoka sawasawa kama vya dukani. Leo nimejaribu. Uzi umekatika.

Ijumaa, 13 Machi

Ninaishi na mama mkwe wangu. Baada ya mazishi ndugu zake walitaka kumchukua, akawaambia haendi popote, mwenzake ni mimi.

Leo nilikaa jikoni nikishona kifungo, maharage yakaungua mbele yangu. Mama aliingia mbio kutoka uani, ameziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"We mwanangu! Chungu kinateketea na wewe umekaa hapo hapo?"

"Nilikuwa na mawazo, Mama."

Akainama kunitazama usoni. "Mawazo gani hayo yanaziba mpaka pua?"

Nikasema nina mafua. Akanichemshia maji ya kunywa. Nimemdanganya, na maji yake nimeyanywa.

Jumanne, 17 Machi

Mvua na baridi. Nilikwenda kwenye kibanda cha mlinzi kumpa orodha ya wageni. Nilipofungua mlango tu, mashine ikaanza kulia kifuani. Haikuwa gesi ya kupikia. Kioo kilionyesha kaboni monoksidi, ile sumu ya mkaa, mia sita na kitu. Mlinzi alikuwa ameingiza jiko la mkaa na kufunga dirisha. Amekaa kwenye kiti, kidevu kifuani. Nikamwita, akaitika "naam" bila kufumbua macho. Nilivuta pumzi nje, nikaingia, nikamburuta kwa makwapa mpaka kwenye mvua.

Alitapika, kisha akakaa kwenye tope, ameshika kichwa.

"Lakini hapakuwa na moshi, dada. Wala harufu."

"Haina harufu."

"Sasa mtu ajuaje?"

Nikamwonyesha mashine.

Mkuu alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Jioni alinisifu mbele ya wote. Redio akasema, "Tulimweka alinde gesi, kumbe mwenzetu anaivuta." Nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba mashine inanitosha, pua ni mazoea tu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyowaza.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. 20, 3. Mlinzi amerudi kazini. Ananiita mganga.

Jumanne, 24 Machi

Redio amerudi safari akicheka. Mama mmoja mwenye mgahawa kule mtaa wa juu aliwasha kiberiti asubuhi, moto ukamrukia usoni, ukazimika wenyewe. Nyusi zote mbili zimeungua.

"Amekuwa kama yai," Redio alisema. "Ananilaumu mimi, eti mtungi ulikuwa unavuja na hakusikia harufu. Nikamwambia, mama, wewe unakaanga vitunguu tangu alfajiri, utasikia nini?"

Nikamuuliza mtungi ni wa lini. Akafunua kitabu chake cha kupelekea mizigo. Wa tarehe ishirini mwezi huu.

"Mbona hucheki?" akaniuliza.

Jumatano, 25 Machi

Nilimweleza Mkuu habari ya mgahawa. Akavuta jalada la fomu.

"Tarehe ishirini uliandika nini?"

"Tatu."

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi, dada, usijisumbue. Pampu ya dawa nimeiangalia kwa macho yangu, inadondosha kama siku zote. Na mimi hapa nilipo harufu inanisumbua mpaka kwenye chai."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kusema. Alikuwa ameshashika simu.

Leo nimeandika 3 tena. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ijumaa, 27 Machi

Redio ametuletea mtungi mpya nyumbani. Niliporudi nilimkuta Mama amenuna.

"Gesi yenu siku hizi haina adabu," akasema. "Inaingia bila kubisha hodi."

Mpira haukuwa umekazwa vizuri. Aliisikia ikilia kama nyoka, akainama mpaka kwenye kichwa cha mtungi, harufu hakuna. "Nikadhani masikio yangu yananichezea." Akaukaza mwenyewe, akaendelea kupika.

Mama husikia harufu ya maziwa yakiungua nyumba ya tatu. Marehemu alikuwa akisema mwizi akiingia kwetu, Mama atawatajia polisi sabuni aliyoogea.

Jumamosi, 28 Machi

Nimetoka na mashine kazini. Hairuhusiwi. Niliificha chini ya koti la mvua, na getini mlinzi aliangalia pembeni.

Nilifungua madirisha na mlango, nikazima jiko la mkaa la jirani wa uani kwa kumwomba radhi, nikamwita Mama. Nikalegeza mpira kidogo tu. Mashine ikasoma tano, kumi na mbili, ishirini, ikaanza kulia.

"Mama, unasikia nini?"

"Kelele za hilo lidude lako."

"Harufu, Mama."

Akafumba macho, akainama. "Sabuni. Masizi. Blauzi yako haikukauka vizuri."

"Na gesi?"

"Gesi iko wapi?"

Nikafunga mtungi. Tulisimama hapo mpaka mashine iliponyamaza. Kisha akaniuliza, "Na wewe unasikia nini?"

Nikamwambia.

Hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, akapangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. "Tangu Novemba?"

"Tangu Novemba."

"Hata koti la mwanangu pale mlangoni?"

"Hata hilo."

Akalitazama koti. "Ungeniambia," alisema. "Ningekuwa nakusimulia."

Halafu akanyanyuka, akauburuta mtungi mpaka uani, hakutaka nimsaidie. Aliporudi aliuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa. "Wangapi wamepewa kama huu?"

Karibu mia tisa.

Jumapili, 29 Machi

Tumepikia nje, kwa mkaa, chini ya bati. Mvua haikutusumbua sana.

Jumatatu, 30 Machi

Nilimwambia Mkuu asubuhi kabla ya kazi. Nilisimama mbele ya meza yake, nikasema yote kwa mpangilio: pua, fomu, mgahawa, jikoni kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akainuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama mkwe wangu."

"Basi iishie kwake. Leo naongeza dawa mara mbili. Mitungi iliyotoka itaisha yenyewe, wiki mbili tatu watu watakuwa wameshaipikia yote. Dada, hapa nakulinda wewe. Habari hii ikitoka, wa kwanza kufukuzwa ni wewe."

Alisema kwa upole, sauti ile ile aliyonipa nayo pole msibani. Naamini alikuwa anamaanisha. Nilipata hofu zaidi kuliko kama angefoka.

Kituo kina sheria moja ambayo haina mjadala. Pua ikiandikwa sifuri, lango halifunguliwi mpaka sababu ijulikane. Nikachukua fomu ya leo pale pale mezani, nikaandika 0, nikaweka sahihi.

Mkuu akaitazama. "Umejuaje kuwa ni sifuri?"

Sikumwelewa.

"Umeniambia sasa hivi huna pua. Tatu yako haikuwa kitu. Sifuri yako nayo ni nini?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa amesema kweli. Aliikunja fomu mara mbili, akaitia mfuko wa suruali, akaniomba nikapumzike nyumbani siku mbili.

Nje Redio alikuwa anapakia. Nilisimama kwenye mvua nikahesabu mitungi sitini na miwili ikitoka langoni.

Jumanne, 31 Machi

Nimempeleka Mama kazini.

Alivaa viatu vyake vya kwendea hospitali. Mlinzi alipaswa kumzuia. Badala yake alimtolea kofia ngumu ya wageni, akasema, "Mkwe wa mganga apite." Mama akauliza kama kofia imewahi kuoshwa.

Mkuu alitoka ofisini haraka, alipomwona akapunguza mwendo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kunusa."

Redio alikuwa juu ya lori. "Mkuu, mkaguzi kafika!" Hakuna aliyecheka, akashuka.

Mkuu alikuwa na haki ya kututoa wote wawili. Lakini mwanamke huyu ndiye aliyemshika mikono siku ya msiba na kumshukuru kwa viti. Akasema tu, "Mama, hapa pananuka, kila mtu anasikia. Gesi ni nzima."

"Nasikia," Mama akasema. "Inatoka kwenye pipa lile. Na kwenye koti lako."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu sote. Miaka yote kituo kinanuka dawa: sakafu, glavu, nguo, chai. Kila mmoja wetu angeapa kwamba gesi inanuka, kwa sababu yeye mwenyewe ananuka. Fomu iliwekwa ili mtu asitegemee hali hiyo, na fomu nilikuwa nayo mimi.

Nikabeba sanduku mpaka nje ya lango, upande unakotoka upepo, ambako mvua imesafisha hewa. Nikaleta gesi ya tangi jipya kwenye mfuko wa sampuli, ile niliyoijaza Jumamosi kabla Mkuu hajaongeza dawa, nikaichanganya mpaka mashine ikasoma ishirini. Mkuu aliisoma mwenyewe.

Mama akanusa. "Plastiki."

Mlinzi akanusa. "Sisikii kitu. Ila mimi hata ya mkaa sikuisikia, msinitegemee."

Redio akanusa, akasema, "Plastiki," na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza neno.

Mkuu akainama. Alivuta pumzi ndefu. "Inanuka!" akasema kwa nguvu. "Mbona inanuka kabisa!"

"Vua koti, baba," Mama alimwambia.

Akanitazama mimi, kana kwamba ningemtetea. Akavua koti, akampa mlinzi. Mama akamwelekeza kwenye maji yanayotiririka kutoka batini, anawe uso na mikono mpaka kwenye viwiko, kama mtoto anayetoka kucheza. Alinawa. Akarudi akainama tena.

Alikaa ameinama muda mrefu. Maji ya mvua yalimwingia kwenye kola na hakuyapangusa. Aliposimama hakumwangalia mtu. Akatoa fomu ya jana mfukoni, akaikunjua juu ya sanduku, akaweka sahihi yake chini ya yangu.

"Funga lango," akamwambia mlinzi.

Jumatano, 1 Aprili

Mafundi waliojenga tangi wameeleza kwa simu. Chuma kipya kinakunywa harufu. Kinatakiwa kishibishwe dawa kwanza kabla ya kuuza gesi yake, na hakuna aliyetuambia, wala sisi hatukuuliza. Kipimo cha pua ndicho kingegundua siku ya kwanza, tarehe tisa.

Mitungi ni mia nane na sabini na sita. Mkuu amewapigia simu wenye kampuni mlango ukiwa wazi. Nimemsikia akitaja jina lake kabla ya langu.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimepewa barua. Sifukuzwi kwa sasa, nimeondolewa kwenye vipimo. Kuanzia sasa kila asubuhi watanusa watu wawili, wasiofanya kazi ndani. Mimi nitafuatana na Redio kukusanya mitungi, kwa kuwa mashine naijua.

Redio amefunga kipaza sauti juu ya lori. Nilimdhani mtu wa porojo. Kumbe anajua kila mlango aliowahi kushusha mtungi, nani ana mbwa, nani kiziwi, nani anapika na watoto miguuni. Anatangaza mpaka sauti inakauka, anakunywa maji, anatangaza tena.

Alhamisi, 9 Aprili

Bado mia mbili na mitatu. Mwenye mgahawa alitufungulia mlango. Nyusi amejichora kwa wanja. Nilimwambia mimi ndiye niliyeandika tatu. Alinitazama, akasema, "Mtoto wangu ndiye aliyekuwa awashe siku ile," akaingia ndani. Mtungi tuliukuta umewekwa mlangoni.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua inapungua. Hamsini na mmoja.

Ijumaa, 17 Aprili

Kumi na mmoja. Nikirudi jioni Mama ananisimulia: leo jirani kakaanga samaki, leo ukuta wa chumbani unanuka ukungu, leo koti linanuka koti tu. Namsikiliza.

Jumatano, 22 Aprili

Mmoja. Fundi cherehani, alihama chumba baada ya kuupokea. Redio ameuliza mtaa mzima.

Ijumaa, 24 Aprili

Tumempata. Amehamia chumba cha nyuma ya maghala, dirisha moja, wamelifunga kwa plastiki kwa ajili ya mvua. Alitupokea vizuri.

"Ninyi ndio wa ule mtungi?" akasema. "Basi nawashukuru sana. Mke wangu ni mjamzito, harufu ya gesi ilikuwa inamtapisha. Safari hii mlituletea gesi safi, haina harufu hata kidogo. Nilikuwa nataka niwaombe mwingine kama huo."

Mlangoni mashine ilisoma sifuri. Gesi hii ni nzito, hukaa chini, kwa hiyo nikapiga magoti na kuisukuma mbele yangu sakafuni. Mke wake alikuwa amelala kwenye godoro, chini, ukutani. Karibu na mtungi ilisoma nne. Karibu na godoro ilisoma ishirini na mbili, ikaanza kulia. Alikuwa ameshaanza kuinua mkono kwenye swichi aone ni nini kinacholia.

"Usiguse taa, dada," nikamwambia. "Nipe mkono."

Alinipa mkono huo huo. Tukatoka. Redio alifunga mtungi, akautoa, akachana plastiki ya dirisha. Mume alisimama uani akiangalia dirisha lake lililochanwa, na sikumlaumu.

Niliwaeleza taratibu. Mume alielewa upesi, akakaa chini ghafla juu ya tofali. Mke alitaka kujua jambo moja tu.

"Huo mpya mliouleta utanuka?"

"Inasemekana."

"Sana?"

"Mimi siwezi kujua. Pua yangu haisikii. Wewe ndiye utakayeniambia."

Akacheka kidogo, akidhani natania. Nikamwomba Redio ashushe mtungi mpya kutoka kwenye lori, nikauweka upande wa upepo, nikafungua kichwa chake kwa kufumba na kufumbua, nikafunga.

Akaziba pua kwa viganja viwili. Akageuka, akajiegemeza ukutani, akatapika chai yake yote.

Mume alinitazama kwa hasira. Nikamwomba radhi mke wake, nikamletea maji, kisha, mashine iliposoma sifuri sakafuni, nikauingiza mtungi mpya ndani na kuukaza mpira.